Anayetaka kipaza sauti ajibu daftari kwanza

Kwa Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa msikiti mmoja mdogo huku Likoni, ng'ambo ya feri. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne sasa. Haina mshahara, na ukiniuliza mbona siiachi, nitakwambia sijapata wa kumkabidhi ufunguo wa sanduku. Nina madaftari mawili. La kijani huandikwa wanaotoa: zaka, sadaka, nadhiri, mchango wa mikeka. La buluu huandikwa wanaokuja kuomba baada ya sala ya Ijumaa, mmoja mmoja, kila mtu akingoja wenzake watoke kwanza. Barua yangu ni ya madaftari hayo mawili na bahasha moja. Naomba uichape mapema, kabla waheshimiwa wanaotafuta kura za 2027 hawajaanza kutufuturisha.

Nianze na bahasha, maana ndiyo aibu yangu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9. Mwaniaji alikuja kusali kwetu. Alikaa safu ya mbele, kanzu mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado imo mgongoni. Imamu alipomaliza tu kutoa salamu, mpambe wake akanivuta kando, penye birika, akanitia bahasha mkononi, nami sikuuliza ya nini. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe nikachukua kipaza sauti, kile kile cha adhana, nikampelekea. Alizungumza kama dakika saba. Amani, umoja, Mombasa ni yetu sote, na umaskini huu ataumaliza. Watu wakaitikia amin. Hakuna aliyemuuliza ataumalizaje, kwa pesa ipi, aanzie mtaa gani. Mimi niliyekuwa na daftari la buluu kwapani, nami pia sikuuliza.

Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 20,000. Kwenye la kijani niliandika "Mfadhili, 20,000", jina nikaliacha. Zilinunua mota ya kisima cha msikiti, na mota hiyo yazunguka hadi leo. Hilo ndilo linalonisumbua. Lau zingeliwa ningelala vizuri, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Hazikuliwa hata ndururu. Kila nikitawadha na maji yakitiririka namkumbuka yule bwana, na nakumbuka kwamba tulimuuzia waumini mia mbili kwa bei ya mota. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema mwenye kuhonga kura na mwenye kupokea wote wana kosa. Iwapo bahasha ile ilikuwa hongo au sadaka, mimi si hakimu. Mpambe alijua, nami nilijua.

Basi bwana alishinda. Kisima kina maji, na daftari la buluu lilijaa ikabidi ninunue jingine.

Hili jipya ninalo hapa mezani naandika. La jalada gumu, kurasa 200, pembe zimeshalika, na ukurasa mmoja una doa la chai ya mjukuu wangu. Majina ya watu ni amana, siyatoi. Mistari nitaisoma kama ilivyo.

"Mama, watoto wanne, kodi ya chumba 3,500. Tumetoa 1,500."

"Mzee, vidonge vya presha, zahanati vimekwisha, duka la dawa 640. Tumetoa zote."

"Kijana, nauli ya Nairobi kufuata karatasi za kazi Saudia. Kamati imekataa."

"Bi Mkubwa, miaka 74, angoja za Inua Jamii. Unga, mafuta."

"Nyumba ya msiba, mitungi 15 ya maji."

Yule kijana kamati ilimkataa kwa sababu ya hofu, tukikumbuka waliokwenda wakarudi wamefungwa kwenye sanduku. Alikwenda hivyo hivyo kwa mkopo, na sijui kama tulimlinda au tulimwongezea riba. Bi Mkubwa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Inua Jamii ni pesa za serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70, na zikichelewa huchelewa kwa wote, kwa hiyo mwenye duka hujua siku zimetoka kwa kuona kina nyanya wanavuka barabara pamoja wakiwa wamejifunga leso safi.

Lakini ni ule mstari wa mitungi unaonirudia. Alikufa kijana wa watu alfajiri, homa ya siku tatu. Mfereji wa mtaa ulikuwa siku ya tisa hautoi kitu ila upepo. Ukiufungua unakoroma kama mtu mwenye kikohozi. Kipo kisima cha jirani, maji yake ya chumvi. Kisharia maji ya chumvi yanaosha maiti, hata ya bahari yanaosha, hilo kila mtoto wa madrasa anajua. Mamake alisimama mlangoni akasema mwanangu hataoshwa kwa maji yanayowasha macho. Nani angembishia? Ikatafutwa mikokoteni. Siku hiyo mtungi wa lita 20 ulikuwa umepanda hadi shilingi 50, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unanunua. Kijana wa mkokoteni alishusha kumi akalipwa, alipoona jeneza limeegemezwa ukutani akashusha mitano iliyobaki akageuza mkokoteni akaondoka. Nilimwita achukue pesa yake, akanipungia mkono bila kugeuka. Mimi katika la kijani nimemwandika: "Mwenye mkokoteni, mitungi 5." Sikuwa na haja ya kuficha jina, silijui.

Mombasa tunazungukwa na maji na tunakunywa ya mbali. Yanatoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Tunaahidiwa pia bwawa la Mwache. Najua si jambo la kuisha kwa siku moja. Lakini kugawa maji mitaani ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba, pamoja na zahanati, masoko na shule za chekechea. Kwa hivyo mwanasiasa akija kuniambia umaskini ni kudra ya Mwenyezi Mungu, kudra siikatai, ila mfereji uko kwenye jedwali.

Kuna jina jingine katika la buluu ambalo nililiandika huku nimeinamisha uso nisimtazame mwenyewe. Nililifahamu kwa sababu miaka mingi nililiandika katika la kijani. Alikuwa na lori moja, la mkopo, likibeba kontena kutoka bandarini kwenda bara. Ramadhani alikuwa anakuja na zaka yake imehesabiwa, noti zimefungwa kwa mpira. Reli ya SGR ilianza kubeba mizigo Januari 2018. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba kontena za Nairobi na kuendelea zipande gari moshi, na sisi Mombasa tukaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Lori lake likakaa, kisha likachukuliwa na waliomkopesha. Waliokula kwa lori lile ni wengi kuliko unavyodhani: utingo, fundi wa magurudumu, mama wa chapati Miritini, hata sanduku letu. Septemba 13, 2022, Rais William Ruto akiapishwa alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, nasi tulishangilia. Lori lilikuwa limeshauzwa. Sasa huyu bwana anavuka feri saa kumi na moja alfajiri kwa miguu, maana anayevuka kwa miguu halipi nauli, anasimama kwenye malango ya maghala Shimanzi pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Siku akichukuliwa anabeba magunia. Siku asipochukuliwa anarudi na feri ya saa tatu, na mkewe huacha kuweka sufuria mekoni mpaka aone uso wake.

Mtu ataniambia ninyi Waislamu mna zaka, itoeni vizuri mtaona. Wenzangu wa kamati wengine husema hivyo pia. Nami ndiye niishikaye, kwa hiyo nisikilizwe. Zaka ni mbili na nusu kwa mia ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango chake cha chini, na kuzungukiwa na mwaka, na ina mafungu manane ya wanaostahili kupewa yaliyotajwa, hatuyapangi sisi. Watoaji wetu ni wenye maduka mawili, watumishi wa serikali kadhaa, na watoto wetu walio Ughaibuni. Ramadhani iliyopita fungu lote lilikwisha kabla ya Idi Pili. Zaka ilimpatia mtu jiko na sufuria akaanza kuuza viazi karai, na hilo nalijivunia. Haiwezi kutandika bomba la maji kutoka Tiwi. Haiwezi kuipa zahanati vidonge vya presha mwaka mzima. Anayetuachia sisi kazi hiyo kwa kisingizio cha dini anataka tu kupunguziwa mzigo.

Sasa nije kwa mwenzangu. Juu kidogo ya barabara kuna kanisa, na mzee wake mmoja wa kanisa tunakunywa naye kahawa chungu barazani jioni. Yeye ni Mgiriama, mstaafu wa ualimu, ananiita Ustadhi ingawa sijasomesha mtu hata alifu, nami namwita Mwalimu. Siku moja nilimlalamikia habari ya daftari. Akacheka, akaenda kwake akarudi na lake. Ni shajara ya benki ya mwaka uliopita, ile wanayogawa bure Desemba, tarehe zote hazilingani. Tukayaweka sambamba kwenye mkeka, kikombe cha kahawa kikishikilia kurasa zisipeperushwe.

Nilidhani wao wana wao na sisi tuna wetu. Tulikuta nyumba tatu zimo kote kuwili. Na mtoto mmoja wa shule ya upili, karo ya muhula wa kwanza, kwetu ana jina la Mtume na kwao ana jina la malaika. Babake ni wa kwetu, mamake wa kwao, kila mmoja alikuwa amekwenda kwake bila kumwambia mwenzake, au wakiambiana, sikuuliza. Nilitaka kukasirika. Mwalimu akatoa kalamu akajumlisha. Tulizompa sisi na walizompa wao, zote pamoja, hazikufika nusu ya karo ya muhula huo. "Ustadhi," akaniambia, "huyu tumemsomesha robo robo." Nikaona hasira yangu haina pa kukaa.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza mambo ya wanasiasa. Mwalimu alinikumbusha kwamba wao walianza. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kusimama mimbarini, na maaskofu wa Kikatoliki nao wakasema vivyo hivyo. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha pesa ambazo Rais alikuwa ametoa katika parokia moja. Nampongeza aliyeamua hivyo. Mimi nilikuwa na mota ya kurudisha na sikuirudisha. Hata hivyo nilimwambia Mwalimu kwamba kumfungia mwanasiasa mdomo ni nusu ya kazi. Asiposema kwetu atasema uwanjani, huko hakuna wa kumuuliza chochote, kuna muziki tu na fulana. Sisi tuna kitu ambacho uwanja hauna. Watu wetu huja kila wiki, mahali pale pale, saa ile ile, miaka mitano mfululizo. Anayetoa ahadi mbele ya watu wa namna hiyo, na ahadi ikaandikwa, ana pa kukutwa.

Tulichukua karatasi moja ya fulskepu. Tuliazimia maswali yatoke ndani ya madaftari, tusiongeze hata moja la vichwani mwetu. Mwalimu, kwa tabia yake ya ualimu, alitaka tuweke kumi. Nikamwambia mtu akiulizwa kumi huchagua moja analolijua akajibu hilo siku nzima. Tukaacha matatu. La kwanza ni maji: mwaka wako wa kwanza, mtaa upi wa wadi hii utapata maji, na katika bajeti pesa zake zitaandikwa kiasi gani. La pili ni dawa za presha na sukari katika zahanati: zikikosekana, mwananchi amwambie nani na ajibiwe kwa siku ngapi. La tatu lilitoka kwenye shajara ya Mwalimu, kwangu halikuwamo kabisa, na mpaka leo naona haya kwamba halikuwamo. Ni kina mama wanaokaanga viazi na bajia karibu na feri. Askari wa kaunti wakija huchukua jiko, sufuria na mafuta yakiwa bado ya moto, na kukomboa sufuria ni ghali kuliko sufuria. Kwa hiyo swali: utawatengea mahali gani, na mpaka mahali hapo papatikane, sufuria zao zitaachwa?

Hatukuuliza chama, wala dini, wala kabila. Wala hatuulizi kama anampenda maskini, kila mtu anampenda maskini mwezi wa Julai.

Chini tukaacha nafasi sita, maana mpiga kura wa Kenya hutiwa karatasi sita mkononi: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Rais hatutarajii afike kwetu, lakini nafasi yake ipo.

Wawili tumeshawajaribu, kwani wameshaanza kupita. Wa kwanza anataka kiti kikubwa. Alikuja na gari tatu na katoni za tende. Tulimkaribisha vizuri, tukampa maji, nikampa karatasi na kalamu. Aliisoma, akacheka, akanishika bega: "Ustadhi, haya tutayazungumza pembeni." Nikamwambia pembeni nimeshawahi kwenda. Sidhani alinielewa. Aliondoka bila kuandika, tende akaziacha, na wanakamati wawili hawakuzungumza nami siku mbili. Tende nilizigawa, nusu nikampelekea Mwalimu. Zilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Wa pili ni kijana anayewania uwakilishi wadi. Alikuja kwa bodaboda. Aliisoma karatasi mara mbili akaomba kiti. Akasema la maji hawezi kuliahidi, kwa kuwa mwakilishi wadi hachimbi bomba. Anachoweza ni kukataa kupitisha bajeti isiyo na mstari wa maji ya mtaa wetu, na hilo ataliandika. La dawa aliliacha wazi. La sufuria aliandika kwa herufi kubwa, maana, alisema, mamake aliuza mihogo pale pale. Akatia sahihi. Pengine naye ni mwongo kama wengine. Lakini mwongo aliyeacha swali moja tupu kwa sababu hana jibu lake, mimi huyo naweza kumsikiliza.

Wapo wanaosema dini na siasa zisichanganywe, na wengine wao ni wacha Mungu kuliko mimi. Ibara ya 8 ya Katiba inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na alhamdulillahi, kwa mji kama huu wenye msikiti, kanisa na hekalu katika barabara moja. Kuuliza swali si kumpigia mtu kampeni. Imamu wetu hatasema mchague nani, na akisema, mimi wa kwanza kutoka. Nikiwasikia wakisema dini ikae mbali na habari za shibe na njaa, hapo najiuliza Surat al-Ma'un wanaisomaje, ile inayomtaja msukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini. Ni fupi, tumeihifadhi utotoni, labda ndiyo maana tunaipita mbio. Mwalimu naye ana Isaya 58 yake, ile ya funga inayompendeza Mungu, humnukulia kila mtu mpaka amechosha.

Wala hili si jambo la ajabu tulilolibuni sisi wazee wawili barazani. Binti yangu alinionyesha kwenye simu: mwaka 2012 huko Marekani, muungano wa viongozi wa Kikristo uitwao Circle of Protection uliwaomba wagombea wa urais, Barack Obama na Mitt Romney, wajibu kwa video watawafanyia nini wenye njaa na maskini, na wote wawili wakajibu. Umaskini wa Marekani haukuisha kwa video mbili. Ila maneno yao yapo, wao wenyewe wameyasema, na anayetaka kuyarudia ayatafute. Aprili 2015 viongozi zaidi ya 30 wa dini mbalimbali duniani walitoa tamko pamoja na Benki ya Dunia, kwamba umaskini wa kupindukia uwe umekwisha ifikapo 2030. Mwaka huo 2030 utamkuta tutakayemchagua bado amekaa kitini. Na kwetu Kenya, takwimu za serikali za 2022 zinasema watu karibu 40 katika kila 100 wako chini ya mstari wa umaskini. Kwenye Ibara ya 43 ya Katiba tuliyoipitisha kwa kura Agosti 4, 2010, kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya maji safi ya kutosha. Niliisoma ibara hiyo kwa sauti barazani, na mzee wa kahawa akauliza kama ni ya nchi hii.

Nimalizie kwa tarehe, ndiyo hasa sababu ya kuandika sasa. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mwaka huo, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, Ramadhani itaingia kama Februari 8, na Jumatano ya Majivu ni Februari 10. Maana yake Waislamu na Wakristo wa Mombasa tutaanza kufunga karibu siku moja. Tutashinda na njaa pamoja, kwa hiari. Na Februari hiyo hiyo, kisheria, hazina ya kaunti hutakiwa iwe imepeleka kwa bunge la kaunti ule mpango wa mikakati ya fedha unaopanga kila idara itapata kiasi gani. Mwisho ni tarehe 28. Makadirio yenyewe hufuata Aprili. Nilihudhuria kikao cha maoni ya umma mara moja. Tulikuwa watu wachache, kabrasha lilikuwa nene kama msahafu, Kiingereza kitupu, tukapewa soda. Fikiria sasa siku hizo hizo kila msikiti na kila kanisa lina watu hadi nje, na waheshimiwa wanazunguka na tende, mchele na mafuta yenye picha zao. Pesa zenyewe zinapangwa mjini, na sisi tumepanga foleni ya mchele.

Ninachoomba si kwa maimamu wakubwa na maaskofu, wao wana matamko yao. Naomba wenzangu, wanaoshika masanduku na vikapu vya sadaka, kutoka Jomvu mpaka Shanzu. Ninyi mnayo madaftari. Keti na jirani yako wa dini nyingine, mfungue, mtoe maswali yenu, yasifanane na yetu, maana Mwakirunge shida zake si za Likoni. Anayetaka kipaza sauti aandike kwanza, na asiyetaka kuandika asali arudi nyumbani salama. Kisha kila Februari yasomwe, baada ya sala kwetu na baada ya misa au ibada kwao, huyu aliandika hivi, na mstari wa bajeti unasema hivi.

Kuhusu zile 20,000, kamati imekubali, kwa shida, kwamba niandike upya. Nimelikata neno "Mfadhili" kwa wino mwekundu, nikaweka jina kamili na cheo alichotaka. Mwenye kuja kutazama atakaribishwa.

Karatasi yetu ipo ukutani, chini ya ubao wa nyakati za sala, na nakala iko kwenye mlango wa kanisa. Imejazwa nafasi moja kati ya sita. Kalamu tumeifunga kwa uzi, ya kwanza iliibwa.

Mweka hazina,
Likoni, Mombasa